Mume Kaunti 1,500, Mke Kura Milioni 65: Kijiji na Mji katika Uchaguzi wa Marekani

Haya ndiyo niliyozungumza Jumamosi iliyopita mbele ya familia zetu za Waswahili hapa Des Moines, Iowa. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokuwa zamu kazini. Ramani nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, habari za tangu asubuhi? Na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, poleni. Ama jambo hili linawagusa, ama harufu ya pilau imewafikia. Vyovyote vile, karibuni.

Nimeombwa nijibu swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza tangu uchaguzi wa 2024. Kwa nini Marekani ukiitazama kwenye ramani ya uchaguzi ni nyekundu karibu yote, rangi ya chama cha Republican, na madoa ya buluu ya Democratic hapa na pale, halafu kura zikihesabiwa washindani wameachana kwa pointi moja na nusu tu? Kwa nini mtu wa shamba anapiga kura upande huu, na wa mjini upande ule, kana kwamba wanaishi nchi mbili?

Naanza na mume na mke.

Mwaka 1992 Bill Clinton aligombea urais kwa chama cha Democratic. Alishinda kaunti, yaani maeneo ya utawala ndani ya jimbo, zaidi ya 1,500, karibu nusu ya kaunti zote za nchi hii, na alipata kura milioni 44.9. Ikapita miaka 24. Mwaka 2016 mkewe, Hillary, akagombea kwa chama kilekile. Akapata kura milioni 65.8, akamzidi Donald Trump wa Republican kwa karibu milioni 3. Kaunti je? Hazikufika 500. Sikilizeni tena: mume kaunti 1,500, mke chini ya 500, na mke ndiye aliyepata kura nyingi kuliko mume. Mume akaingia White House. Mke akabaki nje, kwa sababu rais huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, na hilo nitalifikia.

Nyumba moja, chama kimoja, miaka 24. Kulitokea nini hapo katikati? Hotuba yangu yote inatafuta jibu la swali hilo.

Kwanza tuimalize hii ramani, maana inadanganya watu wazima. Kuna kaunti Texas inaitwa Loving. Sensa ya 2020 iliwakuta watu 64. Sitini na wanne, jamani! Wanaenea katika ukumbi huu na viti vinabaki. Kaunti ya Los Angeles ina watu milioni 10. Kwenye ramani kila moja inapakwa rangi moja, na Loving ni kipande cha ardhi kinachoonekana vizuri tu. Anayekuonyesha ramani nyekundu akakwambia "nchi nzima iko na sisi" amekuonyesha ardhi. Na anayekwambia "hao wa vijijini ni wachache, tuwaache" naye hajui hesabu, kwa sababu Mmarekani mmoja katika kila watano anahesabiwa na sensa kuwa mtu wa vijijini. Mmoja kati ya watano anatosha kabisa kukunyima urais.

Sasa twende kwenye jambo la kwanza kubwa, na hili nataka mlishike: pengo hili ni changa. Watu wanalisema kana kwamba ni la tangu kuumbwa kwa dunia, kana kwamba ng'ombe akinyonyesha ndama basi mwenye ng'ombe lazima awe Mrepublican. Si kweli hata kidogo.

Mwaka 1896, mjini Chicago, kijana wa miaka 36 kutoka Nebraska, William Jennings Bryan, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa chama chake akasema maneno haya: ichomeni moto miji yenu, muyaache mashamba yetu, na miji yenu itachipuka tena kama kwa uchawi, lakini yaharibuni mashamba yetu, na majani yataota katika mitaa ya kila mji wa nchi hii. Mkutano ulilipuka kwa shangwe. Kesho yake wakamteua kugombea urais. Mnadhani kilikuwa chama gani? Ndiyo, Democratic. Chama hiki ambacho leo mnaambiwa ni cha watu wa mijini kilikuwa na mgombea aliyewatisha watu wa mijini kwa majani barabarani! Alishindwa na McKinley wa Republican, lakini mikoa ya wakulima ya magharibi na ya kusini ilimbeba.

Njooni karibu zaidi. Mwaka 1935, katika mashamba kumi ya Marekani, moja tu hivi ndilo lililokuwa na umeme. Mjini taa zinawaka, redio zinaimba. Shambani mama anateka maji kisimani kwa ndoo, anafua nguo za wanaume wa shamba juu ya ubao, na siku ya kupiga pasi anapasha chuma juu ya jiko la kuni, mwezi wa saba, humo humo jikoni, jasho likimtiririka hadi kwenye shuka anayoinyoosha. Vyuma huwa viwili au vitatu: kimoja mkononi, vingine motoni, kikipoa unabadilisha. Kina mama mliokulia Uvira na Kigoma sina haja ya kuwaeleza.

Kampuni za umeme zilikataa kupeleka waya huko. Nyumba tatu katika njia ndefu, faida iko wapi? Serikali ya Franklin Roosevelt ikaunda wakala wa kupeleka umeme vijijini, ikawakopesha wakulima fedha, wakulima wakaanzisha vyama vya ushirika, nguzo zikasimamishwa. Ndani ya miaka 20 hivi karibu kila shamba lilikuwa na taa. Vyama vile vipo hadi leo. Baadhi yenu mnaoishi miji midogo mnalipa bili ya umeme kwa ushirika, hamjui tu historia yake. Mkulima wa wakati ule akiulizwa serikali imemfanyia nini, alinyoosha kidole juu, akaonyesha balbu.

Na hapa ndipo ninapowaletea majimbo mawili, Vermont na West Virginia. Mtu akisema "vijijini ndivyo walivyo", mpeni hadithi hii.

Majimbo haya mawili yanafanana mno. Yote ni milima na misitu. Hakuna hata moja lenye mji unaofika watu 50,000. Yote yana Wazungu karibu tisa katika kila kumi. Vermont, kuanzia 1856 hadi 1960, ilimpigia mgombea wa Republican katika kila uchaguzi wa urais. Kila uchaguzi! Mwaka 1936 Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Mawili yaliyomkataa yalikuwa Maine na hii Vermont. West Virginia ilikuwa kinyume: nchi ya makaa ya mawe, nchi ya vyama vya wafanyakazi, Democratic kwa damu. Hata mwaka 1988, Dukakis, mgombea wa Democratic, anapigwa kila kona, West Virginia ilisimama naye.

Leo je? Mwaka 2024 Trump alipata karibu asilimia 70 West Virginia. Na Vermont ile ile iliyomkataa Roosevelt ilimpa Kamala Harris wa Democratic zaidi ya asilimia 60, na kwa miaka mingi imekuwa ikimtuma Bernie Sanders, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto, Washington. Milima haikuhama. Waliohama ni watu na vyama. Vermont ilipokea vijana na wasomi kutoka New York na Boston tangu miaka ya 1960, waliofuata hewa safi na ardhi ya bei nafuu. Ni miongoni mwa majimbo yenye wahitimu wengi wa chuo kikuu, na ni miongoni mwa yale ambayo watu wake hawaendi sana kanisani. West Virginia iko mkiani kabisa kwa idadi ya wahitimu, makanisa yamejaa, migodi inafungwa, na chama walichokipigia kura baba na babu kilianza kuzungumza juu ya makaa ya mawe kama ugonjwa unaotakiwa kutibiwa. Sisemi kwamba moshi wa makaa haudhuru, unadhuru. Nasema kuna namna ya kumwambia mtu kwamba kazi ya baba yake inakwisha, na kuna namna ya kumtukana.

Kabla sijaendelea, msifikiri naificha rangi ya ngozi. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson, Mdemocrat wa Texas, alisaini Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi. Novemba hiyohiyo majimbo matano ya Kusini kabisa yalimpigia Goldwater wa Republican. Uhamaji wa Wazungu wa vijijini Kusini ulianzia hapo, na sababu yake inajulikana. Asiyetaka kuitaja asizungumze habari hizi.

Na kuna kingine kinachosahauliwa na wanaosema "vijijini" wakimaanisha Mzungu mwenye trekta. Nendeni kaunti ya Macon, Alabama, yenye mji wa Tuskegee. Ni vijijini, ni pamba na mahindi, na watu wake wengi ni weusi. Wanapigia Democratic kwa zaidi ya asilimia 70, mwaka baada ya mwaka. Nendeni Oglala Lakota, South Dakota, kwenye ardhi ya Wenyeji wa Marekani ya Pine Ridge. Mji mkubwa uko mbali, maduka ni ya kuhesabu, na kura zao ni za Democratic kwa wingi mno. Hao si watu wa vijijini? Au kijiji ni kijiji mpaka mwenyeji wake awe na ngozi fulani?

Jambo la pili. Kwa nini Kaskazini, ambako habari ya 1964 haikuwa na uzito uleule, vijiji navyo viligeuka? Hapa sina haja ya kwenda mbali. Nabaki hapahapa Iowa, nyumbani kwetu.

Kaskazini mwa jimbo hili, mpakani na Minnesota, kuna kaunti inaitwa Howard. Watu wake hawafiki 10,000. Norman Borlaug, yule mtaalamu wa ngano aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, alisoma sekondari huko, mjini Cresco. Mwaka 2012 Howard ilimpa Barack Obama wa Democratic ushindi wa zaidi ya pointi 20. Miaka minne baadaye ikampa Trump ushindi wa pointi 20 na ushee. Katika kaunti zote za Marekani hakuna nyingine iliyogeuka hivyo. Na haikuwa peke yake: kaunti 206 nchi nzima zilimchagua Obama mara mbili kisha zikamchagua Trump, na 31 kati ya hizo ziko Iowa. Mwaka 2016 Hillary Clinton alibaki na kaunti sita tu kati ya 99 za jimbo hili, nazo mnazijua kwa miji yake: Des Moines, Ames, Cedar Rapids, Iowa City, Waterloo, Davenport. Yaani kule tunakoishi sisi.

Sasa nijibuni. Watu wale walimchagua mtu mweusi mwenye baba kutoka Nyang'oma Kogelo, Kenya, mara mbili. Baada ya miaka minne wakawa wabaguzi wote kwa pamoja? Wapo wabaguzi, nimekutana nao, na ninyi mmekutana nao. Lakini maelezo hayo peke yake hayatoshi.

Nilikwenda huko kwenye mnada wa shamba. Mfugaji mmoja mzee alikuwa anauza vyombo vyake, ng'ombe walishauzwa wiki chache kabla. Banda la kukamulia lilikuwa limepigwa maji, safi kabisa, na juu ya kila nafasi ya ng'ombe kulikuwa bado na kibao cha jina kilichoandikwa kwa chaki. Majirani walisimama mikono mifukoni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutaja bei. Nikamuuliza kuhusu kura. Hakunieleza habari ya ukuta wa mpakani wala ya kodi. Aliniambia kwamba mwaka 2007 wagombea watatu wa Democratic walipita mjini kwao wakanywa kahawa, mmoja akamuuliza bei ya maziwa, na akaisikiliza. "Tangu hapo," akasema, "nawaona kwenye televisheni tu."

Kama mnavyojua, tangu 1972 Iowa ndiyo iliyokuwa ikianza katika kuteua wagombea. Mtu aliyetaka urais ilibidi aje kwenye baridi hii, aingie majikoni na kwenye magodauni ya nafaka, ajibu maswali ya mfugaji. Mwaka 2023 chama cha Democratic kikaiondoa Iowa kwenye nafasi ya kwanza, kikaipa South Carolina. Zilikuwepo sababu, na nyingine nzuri: sehemu ya Wazungu katika Iowa ni kubwa kuliko katika wapiga kura wa chama chenyewe, na mkutano wa uteuzi wa 2020 uliharibika kwa programu ya simu iliyogoma kuleta matokeo. Sawa. Lakini Republican walibaki. Januari 2024, theluji hadi magotini, walikuwa hapa.

Mimi nasema hivi, na asiyekubaliana nami tutajibizana kwenye chai: sehemu kubwa ya pengo hili imetokana na upande mmoja kuacha kuhudhuria. Viwanda vilipofungwa, vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa vikimwambia mtu "tupigie hawa" vilikufa navyo. Gazeti la mji lilipofungwa, habari zilizobaki zilikuwa za televisheni ya taifa, na huko anayezungumza juu ya kijiji ni mtu asiyekijua au anayekitumia. Hospitali za vijijini zaidi ya 100 zimefungwa nchini tangu 2010, na wodi za kujifungulia zinafungwa hata pale hospitali inapobaki. Mama mjamzito anaendeshwa mwendo wa saa nzima usiku kwenye barabara ya barafu. Katika hali hiyo chama kinachokuja na kusema "wale wa mjini wamekudharau" hakina kazi ngumu.

Na dharau ipo, tena pande zote. Mwaka 2008 Obama mwenyewe, kwenye hafla ya kuchangisha fedha San Francisco, alisema watu wa miji midogo iliyopoteza kazi wanakuwa na uchungu, wanang'ang'ania bunduki na dini. Alijuta baadaye. Mwaka huohuo Sarah Palin, mgombea mwenza wa Republican, alikwenda North Carolina akasifia miji midogo kuwa ndiyo Marekani ya kweli. Kwa hiyo dereva wa basi wa Chicago ni Mmarekani wa bandia? Msomi anamcheka mkulima, mwanasiasa anamwambia mkulima kwamba mtu wa mjini si mwenzake. Kila mmoja alipigiwa makofi na watu wake.

Kuna msemo unaopendwa mijini: "watu hawa wanapiga kura kinyume na maslahi yao." Siupendi. Tajiri wa Manhattan anayempigia mgombea atakayempandishia kodi, mbona hatuambiwi kwamba anajiumiza? Yeye tunamwita mtu wa misimamo. Mkulima naye ana misimamo: juu ya utoaji mimba, juu ya bunduki, juu ya kanisa lake. Unaweza kuipinga, na mingine mimi naipinga. Lakini mpe heshima ya kuamini kwamba anajua anachokichagua.

Jambo la tatu ni sheria. Hili vijana mnalijua nusunusu, nitalieleza kwa hadithi, maana hadithi zake ni tamu kuliko takwimu.

Sensa ya 1920 ilionyesha kwamba kwa mara ya kwanza Wamarekani wa mijini wamekuwa wengi kuliko wa vijijini. Katiba inataka viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe upya kila baada ya sensa. Wabunge wa mikoa ya mashamba wakatazama hesabu, wakaona viti vyao vinakwenda Detroit na Los Angeles. Wakafanya nini? Wakakataa. Mwaka ukapita, miwili, mitano. Miaka tisa Bunge la nchi hii lilikaa bila kugawa viti upya! Sheria ilipatikana 1929, na viti havikuhama mpaka baada ya sensa ya 1930.

Georgia walikuwa na mtindo wao. Katika kura ya mchujo ya Democratic, ambayo ndiyo iliyokuwa uchaguzi wenyewe kwa sababu chama kingine hakikuwa na nguvu huko, hawakuhesabu watu bali kaunti. Kaunti kubwa kabisa ilipewa pointi sita, ndogo kabisa mbili. Fulton, yenye Atlanta, ilikuwa na watu zaidi ya 550,000: pointi sita. Echols ilikuwa na watu 1,876: pointi mbili. Yaani vikaunti vitatu vya aina ya Echols vinaifuta Atlanta. Mwaka 1946 James Carmichael alipata kura nyingi za watu kwa ugavana, lakini Eugene Talmadge akachukua kaunti, akatangazwa mshindi. Talmadge huyu husimuliwa akijigamba kwamba anaweza kushinda kaunti yoyote isiyo na tramu, yaani treni ya barabarani ya mjini. Na msisahau: Atlanta ndiko watu weusi walikoanza kupata nafasi ya kupiga kura. Kupunguza uzito wa mji kulikuwa pia kupunguza uzito wao. Mtindo ule ulijua ulichokuwa ukifanya.

Mahakama ya Juu iliuvunja mwaka 1963. Mwaka uliofuata ikageukia Alabama, ambako kaunti ya Jefferson, yenye jiji la Birmingham na watu zaidi ya 600,000, ilikuwa na seneta mmoja wa jimbo, na kaunti ya Lowndes yenye watu 15,417 nayo ilikuwa na mmoja. Jaji Mkuu Earl Warren akaandika kwamba wabunge wanawakilisha watu, si miti wala ekari.

Si miti wala ekari! Lakini uamuzi ule uligusa mabunge ya majimbo. Seneti ya taifa haikuguswa, kwa sababu imo ndani ya Katiba yenyewe. California ina watu milioni 39.5 na maseneta wawili. Wyoming ina watu wasiofika 600,000 na maseneta wawili. Na kwa kuwa idadi ya wajumbe wanaomchagua rais inatokana na idadi ya wabunge pamoja na maseneta, Wyoming ina wajumbe watatu na California 54. Pigeni hesabu wenyewe: kila mjumbe wa California anasimama kwa watu 730,000 hivi, wa Wyoming kwa watu 190,000 na kitu.

Hapo wa mjini analia. Lakini msiishie hapo, maana hata mtu wa Wyoming hafaidi anavyodhaniwa. Mara ya mwisho mgombea urais kutumia wiki nzima Wyoming ni lini? Hawaendi. Karibu kila jimbo linampa mshindi wajumbe wote, kwa hiyo kampeni zinakimbilia kule ambako matokeo hayajulikani. Mwaka 2024 yalikuwa majimbo saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona, Nevada. Na ndani yake wanaotafutwa zaidi ni watu wa vitongoji vya pembezoni mwa miji mikubwa, kule kwenye nyumba zenye nyasi mbele na gari mbili. Vitongoji vya Atlanta ndivyo vilivyosaidia kumpa Joe Biden wa Democratic Georgia mwaka 2020 kwa kura 11,779. Kijiji kinasifiwa kwenye matangazo, jiji linalaumiwa kwenye matangazo, na kitongoji ndicho kinachoamua. Iowa yetu haimo tena. Tumekuwa jimbo la kupita juu kwa ndege.

Vukeni mto Missouri muone kitu cha kuchekesha kidogo. Nebraska inagawa wajumbe wake: wawili kwa mshindi wa jimbo, na mmoja kwa mshindi wa kila wilaya ya uchaguzi. Jimbo zima ni jekundu, lakini wilaya ya Omaha ilimpa mjumbe Obama 2008, Biden 2020, Harris 2024. Katika kampeni za 2024 watu wa Omaha walichomeka uani mabango meupe yasiyo na neno wala jina la mgombea, doa la buluu tu katikati. Mtaa mzima madoa. Jirani wa upande wa pili akajibu kwa bango lenye ramani ya Nebraska nyekundu yote. Mjumbe mmoja tu kati ya 538, na watu wanagombana kwa rangi uani.

Msiondoke mkidhani mambo haya yameganda. Kaunti ya Starr, Texas, kwenye mpaka wa Mexico, karibu wote ni Walatino, haikuwa imemchagua Mrepublican tangu 1892. Hillary Clinton alipata huko karibu asilimia 80. Mwaka 2024 ikaenda kwa Trump. Miami-Dade, ambayo ni mji mkubwa hasa, nayo ilikwenda kwake, mara ya kwanza kwa Republican tangu 1988. Kwa hiyo hata kule kwenye "mijini ni kwetu" watu wamechoka kuchukuliwa kama mali. Kinachochosha ni kule kuhesabiwa kabla hujaulizwa.

Na sisi? Wengi wenu mliopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mliotoka Bukavu na Goma, mmefika hapa mkapelekwa kwenye kazi ya viwanda vya nyama. Viwanda vingine viko miji midogo, ambako shule ilikuwa karibu kufungwa kwa kukosa watoto, na sasa ina watoto wenu. Ninyi ni watu wa vijijini wa Marekani, mjue hilo. Jirani yako mwenye bendera ya Trump ndiye aliyekuja na mnyororo gari lako liliponasa kwenye theluji, na yeye ndiye aliyepiga kura watu kama wewe wapunguzwe. Yote mawili ni kweli, kwa mtu mmoja, wiki moja. Muulize kwa nini. Atakujibu, huku hawana haya ya kujibu.

Mwisho ni mambo ya vitendo, tafadhali tulieni kidogo. Mliokwisha kuapa uraia: Iowa mnaweza kujiandikisha hata siku yenyewe ya kura, kituoni, mkiwa na kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Msikubali kurudishwa nyumbani kwa kuambiwa mmechelewa. Na ninyi ambao bado mna kadi ya kijani, sikilizeni vizuri sana: ukienda kuchukua leseni ya udereva unaweza kuulizwa kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Jibu ni hapana. Usitie sahihi kwa kuogopa kumkatalia karani. Asiye raia akijiandikisha anaweza kufunguliwa mashtaka, na anaweza kufukuzwa nchini. Kama hujui karatasi inasema nini, mlete mtoto wako aisome, au nipigieni mimi.

Mama Furaha ameniashiria chakula kiko tayari. Maswali tutaulizana tukila. Ahsanteni.